Kompyuta ya Mama na Hesabu ya Jua

 

Ninalotaka kulizungumza jioni hii si la siasa wala si la mashairi, ni la mfuko na la nyumba. Mtoto aliyejaliwa kipato cha wastani, akitaka kumnunulia mzazi wake kompyuta ya mezani isiyo ya gharama kubwa, akaiweke katika nyumba ya kisiwa kama Songo Mnara, aanzie wapi? Watu wengi niliowasikia wakilijibu swali hili huanzia kwenye wepesi wa kompyuta, kisha wakaja kwenye ukubwa wa kioo, kisha kwenye bei, na mwisho kabisa, ikiwa pumzi imebaki, wakauliza habari za umeme. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Naona hesabu ya kwanza iwe ya umeme, ya pili iwe ya fundi, na bei ya dukani ifuate nyuma, kwa kuwa bei hulipwa mara moja ikasahauliwa, bali umeme hudaiwa kila jua linapozama.

Kwa asiyekijua, Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, na jina lake limeenea duniani kwa sababu ya magofu ya mji wa mawe uliostawi katika karne ya 14 na ya 15: majumba, misikiti na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakatiwa katika daftari la urithi ulio hatarini. Na mwaka 2014, baada ya kazi ya kuzitengeneza kuta na kuizuia bahari isizidi kuula ufuko, yakatolewa humo. Wageni huja kuyatazama mawe, wakapiga picha, wakarudi zao Kilwa Masoko kabla maji hayajakupwa, na aghalabu husahau kwamba kando ya mawe kuna kijiji, na kijijini kuna akina mama wenye madaftari ya hesabu.

Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaowekeza na kukopeshana, kile ambacho nchi nzima hukiita vikoba, na daftari lake ni safi kuliko madaftari ya makarani wengi niliopata kuwaona. Alisoma chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule, na hata leo, akiwa na haraka, huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, toka kulia kwenda kushoto, kisha usiku akakinakili kwa herufi za shule ili katibu naye apate kusoma. Hilo si jambo geni kwetu: ziko barua za Kilwa za mwaka 1711, za zama za Malkia Fatima binti Sultan Muhammad, zilizohifadhiwa Goa hadi leo, na zimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Walakini macho ya mama yameanza kumhini, na kunakili mara mbili ni kazi ya macho ya kijana. Basi akataka kompyuta, tena akataka ya mezani.

Najua wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki, kompyuta ya nini ilhali simu iko mkononi. Simu ni chombo chenye sifa, hakuna anayebisha, na pesa za kikundi zenyewe siku hizi hupita humo. Lakini hesabu ya wanachama thelathini, kila mmoja na hisa zake, mkopo wake, marejesho yake na faini yake ya kuchelewa kikao, ina safu nyingi kuliko kioo cha simu kinavyoweza kuzibeba, na mtu wa umri wa mama akivikodolea macho vijitarakimu vile mpaka usiku wa manane, kesho yake huamka na kichwa kizito. Kompyuta ya mpakato nayo ina sifa ya kubebeka, na kubebeka huko ndiko kunakonitia shaka, kwani kitu kinachobebeka katika nyumba yenye wajukuu hakikai mahali pake. Fauka ya hayo, mpakato uliokwisha kutumika huja na betri iliyochoka, na vitufe vyake vikiingia mchanga, au kioo chake kikipasuka, mpakato mzima huenda kwa fundi. Kompyuta ya mezani viungo vyake huachana: kioo kikifa hununuliwa kioo, kibodi ikifa hununuliwa kibodi, na vilivyosalia havina habari ya msiba.

Kizazi cha mama hakikulelewa na vitu hivi. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii iliingia mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, ikawa kitu cha serikali cha kufungiwa chumbani. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, katazo lililokuja kulegezwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa msichana wa shule Kilwa katika zama hizo hakuiona kompyuta hata kwa kuichungulia dirishani, na si insafu kumcheka leo akikishika kipanya kana kwamba kitamponyoka.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe, na aliye na kalamu aishike. Nyumba ya mama haina nguzo ya umeme; ina paneli ya jua juu ya bati, betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na inveta ndogo. Ukizidisha 12 kwa 100 unapata wati-saa 1,200, na muuzaji wa betri ataishia hapo akitabasamu. Lakini betri hizi za risasi na tindikali hazipendi kunyonywa mpaka tone la mwisho. Ukizoea kuzimaliza, umri wao hukatika upesi, na ndiyo maana mafundi wa jua humwusia mtu asivuke nusu. Kumbe hazina ya usiku ni wati-saa 600. Ondoa humo taa nne za wati 5 zinazowaka kwa muda wa saa tano, ni 100. Ondoa feni ndogo ya wati 20 inayozunguka saa sita katika joto la kaskazi, ni 120. Ondoa redio na simu za watu wa nyumbani, tuzikadirie 60. Kilichosalia ni 320, na hicho ndicho kitakachogombaniwa na kompyuta na mawingu.

Chukua basi kompyuta ya zamani ya sanduku kubwa, lile ambalo mitaani huitwa si-pi-yu, pamoja na kioo chake cha miaka hiyo. Hata isipopewa kazi nzito, jumla yake yaweza kula wati 100. Kwa saa tatu za jioni ni wati-saa 300, na inveta, kwa ujira wake wa kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hujitwalia fungu lake la kama asilimia 15, ukajikuta umefika 350. Hazina imekwisha kuvukwa, feni imesimama, na mama anafunga hesabu za wenziwe kwa mwanga wa kibatari, ilhali kompyuta aliyoletewa na mwanawe imelala mezani. Sasa chukua kompyuta ndogo ya ofisi, ya aina nitakayoieleza punde, ambayo ikiwa katika kuandika na kuhesabu hula kama wati 15, uiunge na kioo cha inchi 19 cha taa za LED kinachokula kama 20. Wati 35 kwa saa tatu ni 105, na hata inveta ikichukua chake hufiki 130. Hapo mama ana nafasi ya siku ya mawingu, na katika masika, jua linapojificha siku mbili tatu mfululizo, nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha kufanya kazi yake, tena bila ya kuzima taa ya ukumbini.

Tofauti iliyoko baina ya hizo mbili ni zaidi ya wati-saa 220 kila siku. Anayetaka kuifidia kwa fedha itamlazimu anunue betri nyingine, na pengine paneli nyingine, na bei ya betri na paneli ikijumlishwa na bei ya lile sanduku, sanduku la rahisi limekwisha kuwa ghali kuliko la ghali. Nimewaona watoto wema, wenye kuwapenda wazazi wao kwa dhati, wakiingia katika shimo hili kwa kuwa dukani hakuna anayeuza wati. Huuzwa kasi, huuzwa ukubwa, huuzwa jina.

Nyumba ya jua nayo ina fadhila yake ambayo wa mjini hawana. Umeme wa nguzo hukatika ghafla, hati iliyokuwa ikiandikwa ikapotea na diski ikaumia, na mwenye busara hulazimika kununua kifaa cha akiba cha betri ili apate dakika chache za kuhifadhi kazi yake. Kwa mama betri ipo tangu asubuhi. Tena kompyuta ndogo hizi hupokea kutoka katika adapta yao umeme wa volti 19 au 20, si ule wa 230, kwa hiyo fundi mwenye maarifa aweza kuweka kigeuzi kidogo kinachopandisha volti 12 za betri, inveta ikabaki imezimwa na fungu lake likaokolewa. Nasema mwenye maarifa, kwani akizichanganya ncha, chanya mahali pa hasi, kompyuta huondoka na moshi mmoja tu, na hakuna wa kumdai.

Kompyuta ndogo ninazozisema ni zile zilizoundwa kwa ajili ya maofisi: Lenovo ThinkCentre za umbo liitwalo Tiny, Dell OptiPlex za umbo la Micro, HP EliteDesk za umbo la Mini. Uzito wake ni kilo moja na kidogo. Maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba huzibadilisha baada ya miaka michache, zikiwa bado na nguvu zao, zikauzwa kwa mafungu, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo jijini Dar es Salaam. Tena limetokea jambo lililozidi kuzishusha bei. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizipokei rasmi kompyuta ambazo prosesa yake ya Intel ni ya kizazi kilichotangulia kizazi cha nane, yaani takriban zote zilizoundwa kabla ya mwaka 2017. Kwa sharti hilo kompyuta tele zenye afya, zisizo na kosa ila umri, zimeondolewa kazini kama watumishi waliostaafishwa kwa waraka. Msiba wa tajiri mmoja huwa riziki ya maskini wengi: kompyuta iliyoundwa mwaka 2014, ukiitia Linux Mint, ambayo hutolewa bure na husasishwa bure, humhudumia mtu wa hesabu na barua kwa miaka mingine mingi bila ya kumwomba leseni.

Wapo vijana wapendao kuunda kompyuta wenyewe, kipande kwa kipande, ubao kutoka duka hili na sanduku kutoka duka lile, nami siwakatazi starehe yao. Kwa mzazi wa kisiwani sioni tija yake. Vipande vipya vikijumlishwa bei hupita ile ya kompyuta nzima iliyotumika, usambazaji wake wa umeme huwa wa sanduku kubwa, na siku kitu kinapoharibika kila muuza duka humtupia lawama mwenziwe. Kuunda ninakokubali ni kule kwa kuifungua kompyuta ya ofisi na kuibadilisha vitu viwili. Cha kwanza ni diski. Ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila ya kuigusa. Haipendi mtikisiko, haipendi joto, na kuzimiwa ghafla ni adui yake. Mahali pake tia SSD, ambayo haina kinachozunguka, haina sauti, na hula umeme kidogo. Ya GB 240 yatosha vikoba vya wilaya nzima. Cha pili ni kumbukumbu, iwe GB 8. Mabadiliko hayo mawili ndiyo yanayoifanya kompyuta ya zamani iamke upesi, na kijana yeyote mwenye bisibisi na utulivu wa mkono ayaweza kabla chai haijapoa.

Hapana budi niitaje pia Raspberry Pi, kwa kuwa wasikilizaji wawili watatu hakika wanaingoja. Ilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, kwa makusudi ya kuwapatia wanafunzi kompyuta ya bei ndogo, na mwaka 2020 ikatolewa Raspberry Pi 400, ambayo kompyuta yote imetiwa ndani ya kibodi na hula wati chache mno kuliko hata ile ndogo niliyoisifu. Kwa upande wa jua haina mpinzani. Kilichonizuia ni hesabu yangu ya pili, ile ya fundi. Huweka kazi zake katika kadi ndogo kama ile ya simu, na kadi hizo zikizimiwa ghafla mara kwa mara huharibika. Tena ikipata maradhi, fundi wa Kilwa Masoko, aliyezoea Dell na HP, ataigeuza geuza mikononi akairudisha kwa staha. Kwa shule yenye mwalimu wa mambo hayo ningeichagua pasi na kusita. Kwa mama nimechagua kitu ambacho vipuri vyake vimejaa Kariakoo na ambacho kila fundi amekwisha kukifungua.

Dukani, mtu asinunue sanduku lililozimwa. Aombe liwashwe, aketi nalo kwa muda, aguse ubavu wake aone kama joto linazidi, asikilize feni, kisha aangalie ndani ya mipangilio kama prosesa na kumbukumbu ni zile zilizoandikwa kwenye kikaratasi cha nje, maana kikaratasi hakina haya. Aulize pia kama mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguka kabla ya Windows, imefungwa kwa neno la siri la ofisi ilikotoka. Ikiwa imefungwa, airudishe kompyuta kaunta, hata akipunguziwa, kwani mlango huo muuzaji mwenyewe hana ufunguo wake na siku ya kutia Linux ndipo itakapojulikana. Adapta iwe ya kompyuta ile ile na wati zake zitoshe. Na kuna kitu cha thamani ndogo ambacho husumbua kuliko vikubwa: betri ya duara, mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, inayoitunza saa ya kompyuta. Kompyuta iliyokaa ghalani muda mrefu huja na betri hiyo imekufa. Kila ikizimwa hurudi katika mwaka uliokwisha kupita, na tovuti za benki na za barua zikiona tarehe ya uongo hukataa kufunguka, mzee akadhani intaneti imeharibika. Badilisha hiyo betri kabla ya kusafiri.

Kusafiri kwenyewe si taabu kama zamani. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003 hakuna tena kukesha ukingoni kungoja pantoni, na lami hufika hadi Kilwa Masoko. Taabu huanza baada ya Masoko, kwa kuwa kutoka hapo ni boti, na ukikuta maji yamekupwa, kuufikia ufuko wa Songo Mnara ni kutembea katika tope la mikoko na mzigo kichwani. Nilipompelekea mama, kompyuta ndogo ilipita ndani ya mkoba, imefungwa kwa nailoni mbili. Kioo ndicho kilichotaka adabu. Kilibebwa wima ndani ya sanduku lake la awali, kimezungushiwa godoro la kitoto, na nahodha alitoza nauli yake kama abiria.

Sasa lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kuhesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na naona kazi hiyo haikupata shukrani iliyostahili. Katika ukoo huo ilizaliwa LibreOffice mwaka 2010, ambayo huja na Linux Mint na ambayo Kiswahili kimo ndani yake. Baadhi ya istilahi zake humfanya mtu afikiri mara mbili, lakini mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu, hukisia maana ya neno la Kiswahili asilolijua kwa kulitazama jirani zake, jambo asiloliweza kwa neno la kigeni. Nilimwongezea kibodi ya Kiarabu na ile ya Kiajemi, kwa sababu Kiajemi kina herufi za p, ch na g ambazo Kiarabu hakina na Kiswahili hakiziachi, akawa hubadilisha kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Herufi zikakuzwa, kipanya kikapunguzwa mwendo, na juu ya kioo zikabaki alama tatu tu: daftari la hesabu, barua, na intaneti.

Kufundisha nako kuna staha yake. Kila nilipoona amesita nilikuwa nikinyosha mkono kukishika kipanya, naye akavumilia, akavumilia, mpaka akaniambia kwa sauti ile ambayo mtoto wa miaka yoyote huitii: "Mwanangu, nioneshe mara moja, kisha nenda kaoge." Nilikwenda. Niliporudi safu ya hisa ilikuwa imejazwa, na jumla yake haikulingana na ya daftari. Kosa lilikuwa katika daftari, katika mwezi wa Rajabu, nalo lilimpa furaha kubwa kuliko kompyuta yenyewe.

Intaneti niliiweka mwisho kwa makusudi. Mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala pande zote mbili; na katika mwezi huo huo, tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Yaani fundi hawezi kuja, na wala huwezi kumsaidia mzazi kwa mbali. Kompyuta ya kisiwani iwe inaweza kazi zake zote bila ya intaneti, na intaneti ikija iwe ni ziada, inayoingia kutoka katika simu kwa bando la wiki. Kwa ajili ya kusoma niliitia Kiwix, programu inayoihifadhi Wikipedia ndani ya kompyuta. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na yenye makala zaidi ya 80,000, huenea katika flashi ndogo na nafasi ikabaki, na wajukuu hawamalizi bando la bibi yao. Hesabu za kikundi hunakiliwa katika flashi mbili, moja kwa mama na moja kwa katibu, kila baada ya kikao.

Hewa ya chumvi ni adui asiyeonekana. Hula vituo vya shaba ambapo nyaya huchomekwa, na feni ndogo huivuta ndani pamoja na vumbi. Kompyuta isikae chini sakafuni wala dirishani upande wa kusi. Ikae mezani, karibu na ukuta wa ndani, na ikizimwa ifunikwe kanga. Ikiwa inafanya kazi isifunikwe kamwe, hata kwa kitambaa kilichofumwa kwa mapenzi. Mara moja kwa mwaka, kaskazi ikiwa kavu, ifunguliwe, ipigwe brashi, na mjusi aliyehamia atolewe kwa wema.

Limebaki suala la printa, ambalo mama hulirudia kila nikipiga simu, kwa kuwa wanachama wengine hawaamini hesabu isiyo juu ya karatasi. Printa ya wino, isipotumika kila mara, wino wake hukauka katika matundu yake, na bei ya wino mpya huikaribia ya printa. Ile ya leza huandika vizuri, lakini inapopasha moto roli yake huvuta kwa ghafla mamia ya wati, na inveta ya mama ingezima kabla ya mstari wa kwanza. Kwa hiyo nimemkatalia, na hakupenda. Siku ya kikao ikikaribia flashi huenda Masoko na boti ya asubuhi, mikononi mwa mmoja wa wanachama anayekwenda sokoni, duka la stesheneri humtolea nakala kwa malipo ya kila ukurasa, na fedha hizo zimeandikwa katika safu ya matumizi ambayo mama ameibuni mwenyewe, baada ya ile ya faini.